Wasia na Mlango: Juu ya Nasaha Wapewazo Waandishi wa Habari Vijana

Wasia ni fani kongwe katika fasihi ya Kiswahili. Mzazi ajionapo karibu na kaburi, au aonapo ya kuwa ulimwengu unaomngojea mwanawe si ule aliouishi yeye, humketisha mtoto karibu akamweleza njia. Siku hizi fani hii imepata wasikilizaji wapya. Kila mwaka vyuo vya uandishi wa habari hutoa wahitimu, na kila mwaka huitwa mtu aliyekula chumvi nyingi katika kazi hiyo aje awape vijana nasaha. Hotuba za namna hiyo, pamoja na vijitabu na makala za mwongozo wa kazi, zimekuwa nyingi kiasi cha kuitwa fasihi. Lakini fasihi hiyo hupita kwa makofi tu. Haipimwi kama zinavyopimwa tenzi na riwaya. Yafaa ipimwe, maana watu wanaosikiliza wana njaa ya kweli ya kujua, na baadhi yao wataweka maisha yao juu ya yale waliyoambiwa.

Mwanza ni mahali pazuri pa kuifanyia kazi hiyo. Katika ufuko wa kusini mwa mji, Nyegezi, palianzishwa mwaka 1960 chuo cha Kikatoliki cha mafunzo ya jamii ambacho miongoni mwa masomo yake palikuwa na uandishi wa habari. Mwaka 1998 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Mjini humo ndimo ilimozaliwa Radio Free Africa, na Star TV baada yake. Basi kijana wa Kanda ya Ziwa apendaye kazi ya habari hana haja ya kwenda Dar es Salaam ili aione. Na achukuliwe kijana mmoja wa mfano, ambaye amemaliza masomo, akapanga chumba Pasiansi, katika manispaa ya Ilemela, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege. Asubuhi yuko mwaloni Kirumba akiuliza bei ya dagaa, mchana yuko mahakamani, jioni anatafuta mtandao wa kutumia habari zake. Halipwi mshahara, hulipwa kwa kila habari itokayo gazetini, na isipotoka hupata hasara ya nauli. Nasaha zote zitazamwe kwa macho ya kijana huyo.

Pasiansi yenyewe ina jambo la kumfikirisha. Tangu mwaka 1966 pana chuo cha kufunza askari wa wanyamapori, na watu wengi wa nchi hii walijuapo jina la Pasiansi hulijua kwa sababu ya chuo hicho. Kazi ya askari wa porini haifundishwi kwa ubao na chaki peke yake. Aliyetangulia hutembea mbele, mwanafunzi akafuata nyayo, akaonyeshwa kinyesi cha mnyama na alama ya mtego, akaambiwa ni wapi mwenzake alipigwa risasi na kwa nini. Hapana mkufunzi mwenye akili atakayempeleka kijana porini kwa kumwambia tu ya kuwa uhifadhi ni kazi tukufu. Mwandishi wa habari apitaye mbele ya lango la chuo hicho kila siku hupelekwa porini kwa maneno hayo hayo.

Sasa itazamwe fani ya wasia katika ubora wake. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi uliomletea sifa kiasi cha mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyeshindana na Sultani Seyyid Said, basi si mwanamke asiyeijua dunia. Jambo la kwanza afanyalo ni kumwita mtoto aje na wino na karatasi. Hamhutubii, anamtaka aandike. Kisha humwambia mambo madogo madogo: namna ya kuuzuia ulimi, watu wa kuepukwa, namna ya kumtunza mume alalapo, habari za nywele na manukato. Msomaji wa leo aweza kuyakataa mengi katika hayo, na haki anayo. Lakini hawezi kusema ya kuwa hakuelewa la kufanya. Na katikati ya nasaha mama huyo aeleza alivyoishi yeye mwenyewe na baba wa mtoto mpaka mauti yakawatenga. Dhamana ya maneno yake ni maisha yake.

Shaaban Robert aliifahamu siri hiyo. Tenzi zake mbili za nasaha, Hati aliyomwandikia binti yake na Adili aliyomwandikia mwanawe wa kiume, hakuziacha zielee peke yake. Amezitia ndani ya Maisha Yangu, kitabu cha habari zake mwenyewe, penye kazi, safari na misiba yake. Kwa hiyo msomaji afikapo kwenye nasaha amekwisha kumjua anayesema, tena ameona alicholipa. Na katika barua alizomwandikia nduguye mdogo Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo Mulokozi alizihariri zikatolewa kitabu mwaka 2002, mtu huyo huyo aonekana bila joho la ushairi, kaka anayezungumza na mdogo wake juu ya mambo ya nyumbani na ya kazi. Kwa kijana anayetaka kuishi kwa kalamu, barua hizo zina faida kuliko nusu ya hotuba za mahafali.

Kwa nini? Kwa sababu nasaha za leo zimepoteza vitu ambavyo watunzi hao walivishika. Msemaji hasemi aliishije. Hutaja cheo alichofikia, wala hataji mwaka aliolala njaa, wala mhariri aliyemwokoa, wala habari aliyoiacha kwa woga. Msikilizaji naye hana jina. Ni kundi la vijana, taifa la kesho. Na maneno yamekuwa mapana mno: someni sana, jitumeni, muwe wavumilivu, andikeni ukweli, kalamu ina nguvu. Hapana hata moja lililo uongo. Lakini neno lisiloweza kukataliwa na mtu yeyote halimsaidii mtu yeyote. Kijana wa Pasiansi, akiambiwa awe mvumilivu, atauliza: kwa miezi mingapi, na kodi ya chumba italipwa na nani? Hapo mwenye hotuba amekwisha kuketi.

Neno moja lahitaji kutazamwa zaidi, nalo ni wito. Uandishi wa habari, husemwa, si kazi bali ni wito. Neno hili lina asili ya heshima, hasa mahali kama Mwanza ambapo elimu imechukuana na kanisa kwa muda mrefu. Lakini padre mwenye wito ana nyumba ya parokia, ana chakula mezani, na akiugua ana jimbo la kumtibu. Mwandishi mwenye wito ana kodi ya chumba. Likihamishwa kutoka madhabahuni hadi chumba cha habari bila ya kuhamisha pamoja nalo nyumba na chakula, neno wito hubaki na kazi moja tu, kumwonea haya kijana anayeuliza malipo. Mtu hawezi kudai ujira wa jambo aliloitiwa na Mungu! Msomi wa lugha hana budi kulitia alama neno hilo kila alionapo katika mwongozo wa kazi, na kutafuta ni nani anayefaidika nalo.

Kando ya wito yuko kanjanja. Katika vyumba vya habari vya Tanzania neno hili humaanisha mwandishi asiye na ujuzi wala maadili, apokeaye bahasha ili aandike au asiandike. Nasaha zote humlaani, na laana hiyo ni ya haki. Ila ni nadra msemaji kueleza jinsi mtu anavyogeuka kanjanja. Hazaliwi hivyo. Alikwenda kwenye mkutano kwa nauli yake, habari yake isitoke, na mwenye mkutano akampa bahasha yenye fedha kuliko malipo ya habari kadhaa. Kumwambia asipokee ni sawa. Kumwambia asipokee pasipo kumweleza atarudije nyumbani ni kumwachia yeye peke yake gharama ya uadilifu wa gazeti zima.

Fasihi ya ziwa hili ilikwisha kuliona jambo hilo kabla ya vyuo. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na riwaya yake Kichwamaji, iliyotolewa mwaka 1974, yaanza mlangoni. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, amekwenda ofisini kwa mkuu wa wilaya kuomba kazi ya wakati wa likizo. Mkuu huyo ni Manase, ambaye walijuana tangu utoto. Huko Kazimoto awekwa angoje. Wahakiki wamezoea kuisoma riwaya hii kama kitabu cha falsafa ya udhanaishi, kwa sababu ya maswali yake juu ya maana ya maisha na kwa sababu Kazimoto mwishowe ajiua. Usomaji huo ni sahihi, lakini umewafanya wengi wauruke mlango ule upesi mno. Kabla ya kuwa mtu wa falsafa, Kazimoto ni kijana msomi anayetafuta kazi kwa mtu aliyetangulia kupanda ngazi, na aliyetangulia hana haraka ya kumfungulia. Uchungu wa kitabu kizima una mzizi mmoja katika benchi lile la kungojea.

Kila mwanafunzi aliyekwenda kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya gazeti au ya redio alijua benchi hilo. Barua yake ya chuo imepokewa, amepewa kiti pembeni, na kwa majuma kadhaa kazi yake ni kutazama wengine wakifanya kazi. Mhariri si mtu mbaya. Ana kurasa za kujaza, na watu aliokuwa nao jana wamepunguzwa. Mwisho mwanafunzi hutiwa sahihi kitabu chake, akarudi chuoni na alama nzuri. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, walisema wahenga. Lakini chuo hudhani mama ni ofisi ya habari, na ofisi hudhani mama ni chuo. Mtoto yuko kati, na ulimwengu umekwisha kuanza kumfunza.

Sheria nayo imeingia katika jambo hili. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilianzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa elimu ya chini ya kutambuliwa katika kazi hiyo. Wako wanaoisifu kwa kuinua hadhi, wako wanaoilaumu kwa kuitia serikali mkononi kalamu ya mtu. Ugomvi huo ni mkubwa, na hauwezi kumalizwa hapa. Linalohusu nasaha ni jambo moja. Sheria hiyo hiyo imewataka wenye vyombo vya habari wawawekee waajiriwa wao bima na hifadhi ya jamii. Kijana wa Pasiansi ana stashahada, kwa hiyo amefika penye mlango wa wajibu. Si mwajiriwa, kwa hiyo hajafika penye mlango wa haki. Mwongozo wa kazi usiomweleza tofauti ya maneno mawili, mwajiriwa na mwandishi wa kujitegemea, umemficha jambo kubwa kuliko yote.

Ubaya wa kuficha huko huonekana siku ya hatari. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten mkoani Iringa na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa huo, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, akiwa kazini, polisi walipowatawanya wafuasi wa CHADEMA. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kumwua bila ya kukusudia. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017, baada ya kuandika habari za mauaji yaliyokuwa yakitendeka huko, na hajaonekana tena. Mmoja alikuwa mtu mzima wa kazi, mwenye wenzake karibu. Mwingine alikuwa peke yake wilayani, kama walivyo wengi. Majina haya mawili hutajwa katika hotuba kama majina ya mashahidi. Yangetajwa kama masomo ingekuwa afadhali: mtu asimame wapi polisi wanapofyatua mabomu ya machozi, nani ajue mwandishi amekwenda wapi na atarudi saa ngapi, simu ya nani ipigwe kwanza akikamatwa. Kumsifu aliyekufa ni rahisi kuliko kumfundisha aliye hai.

Na ziwa je? Hapa ndipo nasaha za Mwanza zingeweza kuwa na ladha ambayo Dar es Salaam haiwezi kuitoa. Andikeni ukweli, huambiwa vijana. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza. Uwezo wake ulitajwa kuwa abiria 430. Waliokufa walizidi 800, na wengi wao wamezikwa Igoma. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kutia nanga Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua watu 101, na waliokufa walizidi 220. Baada ya kila msiba waandishi walifanya kazi kubwa: walihesabu maiti, wakawahoji waliosalimika, wakaandika machozi. Lakini hesabu iliyokuwa na faida ni ile ya kabla. Ukweli, kwa mwandishi wa ziwa, ni kwenda gatini siku ya gulio akiwa na uwezo wa chombo umeandikwa katika daftari lake, akawahesabu wanaopanda, akaenda tena juma lijalo, na juma jingine, kisha akamwuliza mwenye mamlaka huku ana tarehe na hesabu mkononi. Habari hiyo haina picha ya kulia, na mhariri huenda akaitupa mara mbili. Mzee wa kazi amwambiaye kijana jambo hilo, na kumwonyesha namna ya kuiandika mpaka isitupike, amempa wasia. Amwambiaye kwamba kalamu ina nguvu hajampa kitu.

Hata hivyo fani ya wasia isirudishwe yote kama ilivyokuwa. Ndani yake kuna utii. Mwana Kupona amtaka binti yake amtii mume kiasi ambacho wanawake wengi wa leo hawakubali kukisikia. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliusoma utenzi huo upya na kuonyesha kwamba chini ya maneno ya unyenyekevu pana kejeli, na mume anayetunzwa kwa kupepewa na kupambwa afanana zaidi na mtoto kuliko na bwana. Usomaji huo wavutia, ijapokuwa wanafunzi huupenda haraka kupita kiasi kwa sababu huwaondolea taabu ya kugombana na mtunzi. Vyovyote iwavyo, kijana anayepewa nasaha na mhariri hana budi kuujua mshipa huo wa utii. Nasaha ya mkubwa wa kazi yaweza kuwa njia ya upole ya kumfunza nini kisiandikwe na nani asiguswe. Binti wa Mwana Kupona alihitaji amani nyumbani. Mwandishi wa habari akiwekewa amani kuwa lengo, kazi yake imekwisha kabla haijaanza. Linalofaa kuchukuliwa kwa mama yule ni wino, karatasi, mambo madogo yaliyotajwa kwa majina yake, na ushahidi wa maisha ya msemaji. Utii ubaki Pate na Siyu.

Labda lipo jambo jingine la zamani lenye msaada wa karibu zaidi. Mwaka 1888, huko Kiungani, Unguja, wanafunzi na walimu wa chuo cha misheni ya UMCA walianza kutoa gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Wanafunzi waliokwisha kuhitimu walitawanyika katika vituo vya bara, nao wakaandika kutoka huko: habari za safari, za shule, za magonjwa, za watu waliowakuta. Gazeti lilikuwa la misheni na lilikuwa na makusudi ya misheni. Lakini katika umbo lake lilikuwa mwongozo wa kazi ulio bora, kwa kuwa waliotangulia walikuwa mbele kwa mwaka mmoja au miwili tu, walikuwa na majina, na wale walioko chuoni walijua kwamba kesho yao ni kituo kile kile kinachosimuliwa.

Chuo kilichoko kando ya ziwa kingeweza kufanya vivyo hivyo bila ya gharama kubwa. Barua nne au tano kwa mwaka zingetosha, zikiandikwa na waliohitimu juzi, kutoka Ukerewe, Sengerema, Geita na Pasiansi, zikichapwa pamoja na kusomwa darasani kama zisomwavyo tenzi, kwa kuhakikiwa neno kwa neno. Mmoja angeandika alilipwa kiasi gani kwa habari ya kwanza na baada ya siku ngapi. Mwingine angeeleza alivyorudisha bahasha na jinsi alivyofika nyumbani usiku ule. Mwingine angetaja maneno yaliyokuwamo katika mkataba aliotia sahihi bila ya kuusoma. Na yule wa Ukerewe angetuma hesabu yake ya gatini: tarehe, jina la kivuko, idadi iliyoruhusiwa, idadi iliyopanda.